Asilimia 15.7, asilimia 9.1, na mkoa uliokatwa katikati ya hesabu

Mtanisamehe kwa ukimya, wiki za test mnazijua wenyewe. Leo nachanganya historia na hesabu kwenye sufuria moja. Wa Arts msikimbie, hesabu yenyewe ni ya darasa la saba.

Kuna aina moja ya maswali kwenye mtihani wa GMAT, ule wanaofanya jamaa wanaotaka shahada za biashara nje. Hawakuulizi jibu. Wanakupa swali, halafu wanakupa kauli mbili, kisha wanauliza: je, hizi taarifa zinatosha kujibu? A, kauli ya kwanza peke yake inatosha. B, ya pili peke yake inatosha. C, mpaka uziunganishe. D, kila moja inatosha kivyake. E, hata ukiziunganisha hazitoshi. Baadhi ya maswali haya ni ya uwiano na asilimia, na ndo yanayoua watu, kwa sababu asilimia ina tabia ya kujifanya namba kamili wakati ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni: asilimia ya nini, na ya wangapi?

Kusoma historia ya Tanzania ya juzijuzi ni kufanya maswali hayo hayo, ila hakuna anayekupa A mpaka E. Na hakuna mfano mzuri kuliko kwetu, Njombe na Makambako, na zile asilimia za VVU ambazo kila mtu nchi hii anadhani anazijua. Ukitaja tu hapa chuoni kwamba umetoka Njombe, kuna mtu lazima atatabasamu kiaina. Sawa. Tuzichukue hizo namba tuziweke mezani.

Kwanza zilitoka wapi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waligundulika mkoani Kagera mwaka 1983, na kufika 1986 mikoa yote ya bara ilikuwa imeshatoa taarifa za wagonjwa. Kwa miaka mingi baada ya hapo, picha ya nchi ilitokana zaidi na watu wa aina mbili: waliojitolea damu na akina mama wajawazito kliniki. Hapo tayari kuna tatizo la asili, ile namba ya chini ya sehemu. Mama aliyefika kliniki si sawa na mwanamume aliyekwenda kupasua mbao msituni. Asilimia ya wanaochangia damu ni asilimia ya wanaochangia damu, basi.

Utafiti wa kwanza wa kaya wa nchi nzima, watu kupimwa nyumba kwa nyumba, ulifanyika 2003-04. Uliwachukua watu wa miaka 15 hadi 49 wa Tanzania Bara. Mbeya ilitoka na asilimia 13.5, Iringa 13.4, wakati Bara nzima ilikuwa 7.0. Ukafuata wa 2007-08: Iringa ikapanda hadi 15.7 na kuwa ya kwanza kwa mbali. Hapo ndipo jina la Iringa lilipobandikwa rasmi.

Sasa kumbukeni, "Iringa" ya 2007-08 ilikuwa kubwa. Njombe, Makete, Ludewa, Makambako, zote zilikuwa ndani yake. Mkoa wa Njombe ulizaliwa rasmi 2012, pamoja na Geita, Simiyu na Katavi. Na utafiti uliofuata, wa 2011-12, ambao kazi yake ya nyumba kwa nyumba ilivuka kutoka mwaka mmoja kwenda mwingine, ulitoa matokeo kwa mikoa mipya. Njombe 14.8. Iringa 9.1. Tanzania nzima 5.1.

Hebu fikirieni mtu aliyefungua jedwali siku ile bila kuangalia ramani. Iringa imetoka 15.7 hadi 9.1! Imeshuka pointi 6.6, yaani zaidi ya asilimia 40 ya ilivyokuwa, kwa miaka minne tu. (Pointi na asilimia ni vitu viwili jamani. Kutoka 15.7 kwenda 9.1 ni pointi 6.6, na ni punguzo la asilimia 42. Mwanasiasa atachagua inayomfaa.) Na hapo hapo anaona Njombe imeibuka kutoka hewani na 14.8, kana kwamba gonjwa limehama kuvuka mpaka. Kumbe kilichohama ni mpaka.

Haya, tuliweke kama swali la mtihani. Je, kati ya 2007-08 na 2011-12, kiwango cha maambukizi kwa watu wa Iringa ya zamani, yaani Njombe na Iringa mpya kwa pamoja, kilishuka?

Kauli ya 1: Iringa ya zamani ilikuwa 15.7, baadaye Njombe ni 14.8 na Iringa mpya ni 9.1.
Kauli ya 2: kwa sensa ya 2012, watu wa Njombe kwa watu wa Iringa ni kama 3 kwa 4.

Wengi watakimbilia C. Wataona asilimia, wataona uwiano, watasema lazima tuchanganye. Lakini jibu ni A. Angalieni: wastani wa vitu viwili lazima ukae katikati yao. Hata Njombe ingekuwa na watu milioni kumi na Iringa mtu mmoja, jumla isingezidi 14.8, na 14.8 iko chini ya 15.7. Kwa hiyo kimeshuka. Sensa haihitajiki kabisa. (Naziamini asilimia zenyewe kwa sasa, nitarudi hapo.)

Ila badilisha swali kidogo tu: kilishuka kwa kiasi gani? Sasa kauli ya 1 imekwama, maana jibu laweza kuwa popote kati ya 9.1 na 14.8. Hapa ndipo uwiano unapoingia. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 702,097 Njombe na 941,238 Iringa. Gawanyeni, inatoka 0.746, karibu kabisa na 3 kwa 4. Basi: mara tatu ya 14.8 ni 44.4, mara nne ya 9.1 ni 36.4, jumla 80.8, gawa kwa 7. Inatoka 11.5.

Kwa hiyo eneo la Iringa ya zamani lilishuka kutoka 15.7 hadi 11.5. Pointi 4.2, si 6.6. Zaidi ya theluthi ya ile shuka ya "Iringa" kwenye jedwali ilitengenezwa na mchora ramani. Na oneni uzuri wa uwiano: hatukuhitaji zile laki saba wala laki tisa. 3 kwa 4 ilitosha.

Kuna mjanja atasema, sensa inahesabu hadi vichanga na wazee, utafiti ulipima wa miaka 15 hadi 49, huwezi kutumia uwiano wa watu wote. Ana hoja, na kwetu ni hoja yenye uzito kwa sababu Njombe ni mahali watu wazima wamezoea kuondoka. Wakati wa mkoloni, Njombe ilikuwa moja ya wilaya zilizotoa manamba kwenda mashamba ya mkonge; wenye mashamba walianzisha chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU, mwaka 1944. Uandikishaji ule ukaisha, kuondoka hakukuisha. Basi tujaribu. Weka uwiano wa 2 kwa 3, inatoka 11.4. Weka 4 kwa 5, inatoka 11.6. Haitikisiki. Siku zote fanyeni hivi, chezeni na ile namba msiyoiamini muone kama jibu linajali. Mara nyingi halijali, na ugomvi unaishia hapo.

Sasa tuendelee na utafiti wa 2016-17. Njombe 11.4, Iringa 11.3. Ukisoma mkoa mmoja mmoja, Njombe inashangilia (imetoka 14.8!) na Iringa inalia (imetoka 9.1!). Maelezo yako tele ya kila upande: huku kampeni zimefanya kazi, kule watu wamejisahau. Lakini unganisha tena Iringa ya zamani. Hapa hata uwiano hauhitajiki, kwa sababu mikoa yote miwili inafanana, jumla lazima iwe kati ya 11.3 na 11.4. Toka 11.5, leo 11.3 na ushee. Hakuna kilichotokea! Yaani mkoa mmoja umeshinda na mwingine umeshindwa, na jumla yao imekaa pale pale.

Na wa 2022-23: Njombe 12.7, Iringa 11.1. Uwiano je? Sensa ya 2022 ilitoa Njombe 889,946 na Iringa 1,192,728. Nikagawanya, ikatoka 0.746. Nikarudia nikidhani nimebonyeza za 2012. Hapana, ni zile zile: mikoa miwili imekua kwa kasi moja, karibu asilimia 27 kila mmoja kwa miaka kumi. 3 kwa 4 tena. Mara tatu ya 12.7 ni 38.1, mara nne ya 11.1 ni 44.4, jumla 82.5, gawa kwa 7, inatoka 11.8.

Pangeni sasa Iringa ya zamani kwenye mstari mmoja: 13.4, kisha 15.7, kisha 11.5, kisha 11.3 na ushee, kisha 11.8. Mlima mmoja, halafu uwanda wa miaka kumi. Hiyo ndo historia ambayo jedwali la mikoa linaificha, na imefichika kwa sababu moja tu ya kiutawala, kwamba 2012 mkoa uligawanywa. Sisemi mgawanyo ulikuwa mbaya. Mtu wa Ludewa anajua ilivyokuwa kufuata huduma za mkoa mpaka Iringa mjini. Nasema anayefuata historia ya mahali lazima ashone mahali hapo pakawa pamoja kabla ya kusoma mstari.

Nimesema nitarudi kwenye kuziamini asilimia zenyewe. Kuna mambo mawili. La kwanza, kila mkoa unawakilishwa na mamia ya watu waliopimwa, si malaki, kwa hiyo tofauti ndogo kama ya 11.3 na 11.8 ni ya kuangaliwa kwa jicho la pembeni tu. Ndo maana nasema uwanda, sisemi kimeshuka kikapanda. La pili ni zito zaidi: asili ilibadilika. Tafiti tatu za mwanzo zilisimama kwenye miaka 49. Zile mbili za mwisho zilitangaza namba za mikoa zikijumlisha na watu waliovuka umri huo. Mama wa miaka 55 wa Wanging'ombe hakuwa kwenye hesabu ya 2011-12 na yumo kwenye ya 2022-23. Je, kuongeza wazee kunapandisha asilimia au kunashusha? Inategemea hali ya hao wazee, na namba tulizonazo juu hapa hazisemi. Kwa kigezo chetu, kulinganisha 14.8 na 12.7 moja kwa moja ni E mpaka utafute jedwali la umri.

Tuje Makambako, maana hapa ndipo lawama zote zinaposhushwa kama mizigo ya lori.

Kwa asiyepajua: ni kama kilomita 60 kutoka Njombe mjini, pale barabara kuu ya Dar, Mbeya na Zambia inapokutana na barabara ya Njombe na Songea. TAZARA nayo, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina stesheni pale. Barabara ya lami ya kwenda Songea ilipojengwa miaka ya 80, njia panda ikakamilika. Malori, gesti, mama ntilie, mbao, viazi, mahindi, abiria wa saa nane usiku wenye baridi hadi kwenye meno. Basi simulizi ikajiandika yenyewe: Makambako ndo chanzo, madereva wameleta, mkoa mzima umechafuliwa na stendi moja.

Je, tunaweza kujua kiwango cha Makambako kutokana na namba za mkoa? Tuna hivi: mkoa ni 14.8 (2011-12). Sensa ya 2012 iliipa halmashauri ya mji wa Makambako watu 93,827. Gawa kwa 702,097, Makambako ni asilimia 13.4 ya mkoa. Inatosha? Haitoshi. Mizani moja, vitu viwili visivyojulikana. Inawezekana Makambako ilikuwa 8 na kwingine karibu 16. Inawezekana ilikuwa 26 na kwingine 13. Zote zinajumlisha 14.8. Kwa hiyo yeyote anayekutajia asilimia ya Makambako kutoka kwenye namba ya mkoa, mwulize kaipata wapi.

Lakini hapa ndo nilipoanza kuyapenda maswali haya. Taarifa ambayo haitoshi kwa swali moja inaweza kutosha kabisa kwa lingine. Sahau "Makambako ni ngapi". Uliza: je, inawezekana Makambako peke yake ndo imeifanya Njombe iwe juu, na sehemu nyingine za mkoa ziko kawaida kama nchi nzima?

Tuseme ndiyo. Basi asilimia 86.6 ya watu wa mkoa wako kwenye 5.1. Wanachangia pointi 4.4. Mkoa una 14.8, kwa hiyo pointi 10.4 zilizobaki lazima zitoke Makambako, kwa watu ambao ni asilimia 13.4 tu. Gawanya. Makambako ingetakiwa iwe karibu asilimia 78. Zaidi ya watu watatu kwa kila wanne. Haiwezekani. Tuseme mji una watu wazima wengi kuliko vijiji, tuipe Makambako asilimia 20 ya mkoa badala ya 13.4. Bado ingetakiwa zaidi ya 53. Haiwezekani pia.

Kwa hiyo hata bila kujua namba ya Makambako, tunajua simulizi ya stendi haiwezi kubeba mkoa. Hata ukiipa Makambako 26, vijiji na miji mingine inabaki na 13, juu ya mkoa mwingine wowote wa wakati ule. Chochote kilichotokea, kilitokea Makete na Lupembe na Ludewa pia, mbali na lami. Na hapo mwanahistoria lazima atoke stendi aingie kwenye mambo marefu zaidi: vizazi vya wanaume kuondoka na kurudi tangu enzi za mkonge; mashamba ya miwati ya TANWAT tangu 1949, chai na mbao, yenye vibarua wa msimu; tohara iliyokuwa ndogo kwa wanaume wa huku kuliko sehemu nyingi za nchi, ndo maana mkoa wa Iringa ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kupata kampeni ya tohara ya kitabibu. Uzito wa kila kimoja ni suala jingine, ila dada anayeuza chai saa nane usiku njia panda ameshabebeshwa mzigo usiotosha kwenye mizani.

Mwisho kuna swali ambalo wote tunalikosea kwa mazoea, kwamba asilimia ikishuka ni heri na ikikaa ni balaa. Kiwango cha maambukizi ni kama maji kwenye pipa. Yanaingia kwa bomba, yaani maambukizi mapya, na yanatoka kwa tundu, yaani vifo. Usawa wa maji ukishuka, yawezekana bomba limefungwa, yawezekana tundu limepanuka. Dawa za bure za kufubaza virusi zilianza kutolewa nchini 2004 na zikasambaa taratibu. Kwa hiyo ile shuka ya 15.7 hadi 11.5 ina ndani yake watu waliokingwa na pia watu waliozikwa, na asilimia peke yake haitenganishi. Waliokuwa Makete miaka ile wanajua nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu. Halafu ule uwanda wa miaka kumi, 11 na ushee bila kushuka, unaweza kuwa na maana ya watu kutokufa.

Na kama watu waliongezeka kwa asilimia 27 huku kiwango kikikaa pale pale, basi idadi ya wanaoishi na virusi nayo iliongezeka kwa karibu hiyo hiyo 27. Hilo tunalijua bila kuwa na idadi yenyewe. Kwa DMO anayeagiza dawa, kile kiwango "kisichobadilika" ni makopo manne yakiwa matano.

Ninachokitafuta sasa ni jedwali la umri la Njombe na Iringa kwa tafiti zote tano, niwatoe wa juu ya 49 nione uwanda unabaki au unainama. Mwenye nakala ya ripoti kamili ya 2003-04, ile nene, anitafute hosteli. Chai nanunua mimi.